Nani Atashika Funguo?

Kila chama huanzishwa kwa furaha, lakini ni wachache wanaoulizana siku ile ya kwanza: mkuu wetu akiondoka, nani atashika funguo? Leo nachukua mfano mahali ambapo pengine hamkutazamia, yaani michezo ya kompyuta inayochezwa kwa intaneti. Msicheke. Vijana wenye simu wanaijua, na wazee nao watapata fundisho.

Katika michezo hiyo watu wa nchi mbalimbali, wasiopata kuonana uso kwa uso, huunda vyama vyenye mkuu, wasaidizi na ghala. Mali ni ya mchezo tu, lakini saa walizotumia kuichuma ni saa za kweli, na urafiki wao ni wa kweli pia.

Mathalani mchezo wa World of Warcraft, uliotolewa Marekani mwaka 2004. Chama kina mkuu mmoja, naye ndiye amkabidhiye mwingine kiti chake. Ni sawa, maadamu yupo. Lakini wengine huacha kucheza bila kuaga: huyu kapata kazi, yule kaoa, mwingine kachoka tu. Wanachama hubaki kama watu wa nyumba ambayo mwenyewe amesafiri na ufunguo mfukoni. Kwa hiyo wenye mchezo wakaweka kanuni: mkuu asipoonekana kwa muda uliowekwa, mwanachama wa cheo kinachostahili aweza kukitwaa kiti. Kanuni hii yafaa, ila yaweza kumpa kiti aliyewahi, wala si yule ambaye wenzake wangemchagua.

Mchezo wa EVE Online, uliotoka Aisilandi mwaka 2003, una njia nyingine. Vyama vyake ni kama kampuni: vina wakurugenzi na hisa, na wenye hisa waweza kupiga kura kumweka mkuu mpya. Hata hivyo, sikilizeni yaliyotokea Februari 2009. Muungano mkubwa wa vyama, ulioitwa Band of Brothers, ulikuwa na maelfu ya wachezaji. Mkurugenzi mmoja akageuka, akaenda upande wa adui zao, Goonswarm. Kwa kanuni za siku zile, cheo chake kilimtosha kuuvunja muungano peke yake. Akauvunja. Kazi ya miaka mingi ikaanguka mara moja, bila vita.

Hao Goonswarm nao wakapatwa na msiba, tena wa kweli kabisa. Mjumbe wao wa mapatano na vyama vingine alikuwa Sean Smith, mtumishi wa Serikali ya Marekani. Tarehe 11 Septemba 2012 aliuawa Benghazi, nchini Libya, katika shambulio juu ya nyumba za ujumbe wa nchi yake. Alikuwa na miaka 34. Wachezaji wengi walimlilia, wakavipa vituo vyao vya mchezoni jina lake. Mtu huyu hakuchoka wala hakusaliti. Siku yake ilifika tu.

Basi mwaona: mtu huondoka kwa kuchoka, kwa kugeuka, au kwa kufa. Chama chenye busara hujiandaa kwa yote matatu. Kwanza, msaidizi atajwe mapema, na watu wote wamjue. Pili, iandikwe mkuu akikosekana siku ngapi kiti kiwe wazi, na wanachama wachague vipi. Tatu, kuvunja chama au kutoa mali yake kusiwe kazi ya mkono mmoja. Vikundi vyetu vya akiba vyenye sanduku la kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu, vimelijua jambo hili bila kompyuta.

Kuyaandika haya si kumtakia mkuu mabaya. Ni kumpunguzia mzigo, na kuzuia ugomvi siku ya majonzi. Mkikutana safari ijayo, fungueni daftari la chama chenu, mtazame kama jibu limo. Kama halimo, liandikeni siku iyo hiyo, mkuu wenu angali amekaa nanyi.