Staa Kala Bata Milimani, Kaacha Mabomu Jalalani: Timu Yake Iache Kumtetea

Wadau, ile bethidei ya staa mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni) iliyofanyika milimani Lushoto bado inazungumzwa mjini, na safari hii si kwa sababu ya gauni wala keki.

Watu kumi na wawili, mahema sita meupe, taa za kuning'inia, siku mbili za kula bata. Picha zikatupiwa Insta mpaka watu wakaumwa wivu. Kwenye picha moja staa kavaa sweta zito, anachemsha chai kwenye lile jiko bapa la gesi linalotumia kopo refu kama la dawa ya mbu. Chini kaandika kwamba yeye ni mtoto wa porini. Mashabiki wakamwaga makopakopa.

Jumapili mchana msafara ukashuka. Kwenye shimo la taka la eneo lile yakabaki makopo tisa ya gesi. Manne matupu. Matano ukiyatikisa unasikia kabisa kitu kinacheza ndani. Yote yakafunikwa na sahani za karatasi na mabaki ya pilau.

Jumatatu asubuhi kijana anayefanya usafi pale akafanya anachofanya kila Jumatatu: akaongeza majani makavu, akawasha kiberiti. Kopo la kwanza lilipasuka kabla hajageuka kuondoka. Ameungua mkono wa kulia na upande mmoja wa shingo. Yuko hai, anauguzwa kwao, lakini mkono ule ndio uliokuwa unalisha nyumba.

Habari ilipofika mtandaoni, badala ya pole, Timu ya staa ikaingia kazini na utetezi wa aina tatu. Wote ni wa hovyo, basi ujibiwe mmoja mmoja.

Wa kwanza: "Makopo yalikuwa yameisha, moto ulikuwa unazima wenyewe." Hapa ndipo ujuaji wa mjini unapoumiza watu. Gesi ya makopo yale ya bei poa kwa kawaida ni butani. Ndani ya kopo imekaa kama maji, na lazima igeuke mvuke ndiyo iwake. Ikifika karibu na nyuzi sifuri, inagoma. Halafu kopo lenyewe linajipoza linapotumika. Lishike baada ya muda utalikuta limetoka jasho kama chupa ya soda. Sasa weka hayo yote kwenye alfajiri ya Lushoto mwezi wa saba. Moto unasinyaa, mtu anasema "limeisha", analirusha jalalani. Halijaisha hilo, limepigwa na baridi tu. Jua likipanda, presha inarudi.

Ndiyo maana makopo ya wapanda milima huchanganywa na propani au isobutani, ambazo huvumilia baridi zaidi. Kule Kilimanjaro, kambi ya Kibo iko mita 4,720 na usiku baridi hushuka chini ya sifuri. Kopo la butani peke yake linaweza kuonekana limekufa pale juu, likishuka getini likawaka kama jipya. Kwa hiyo neno "limeisha" halitoki kwa kuangalia moto. Linatoka kwenye mizani.

Utetezi wa pili: "Alikuwa anawahi ndege kwenda kwenye shoo, na gesi hairuhusiwi." Ni kweli, makopo ya gesi hayaingii kwenye ndege, si kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Lakini sheria hiyo haikutungwa Jumapili ile. Aliyekata tiketi mapema alijua pia kwamba makopo hayatapanda. Mtu mwenye meneja, mpiga picha na dada wa kumpaka vipodozi kweli anakosa mtu wa kumwambia, "Haya makopo matano rudi nayo kwenye gari"? Mbona maspika na majenereta yalirudi na gari?

Utetezi wa tatu ndio unaokera kuliko yote: "Kawaachia wenyeji, ni msaada, wao ndio hawakujua kutumia." Kutoa ni kumkabidhi mtu mkononi, unamwambia hili lina gesi nusu, hili robo, jiko lake ni la aina hii. Kufukia kitu chini ya mabaki ya pilau si kutoa, ni kutupa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini angalau asimchomee mkono halafu adai alikuwa anamsaidia.

Na staa mwenyewe, badala ya kunyamaza, kajibu shabiki mmoja kwamba kijana "angesoma lebo". Lebo ipi? Makopo yale yameandikwa Kiingereza na Kichina, Kiswahili hakuna hata neno moja. Ikisomwa, inasema kopo lisipate joto la zaidi ya nyuzi 50 na lisitupwe motoni. Aliyepaswa kuisoma ni aliyelinunua. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: laiti kopo lingepasuka mezani kwake, leo mjini pasingekalika.

Ukweli ni kwamba makopo yale hayakuachwa kwa kukosa elimu tu. Yaliachwa kwa sababu kubeba kitu nusu hakuna mbwembwe. Yupo mwigizaji mmoja wa Bongo Muvi (naye jina kapuni) aliyewahi kupigwa picha akishuka kwenye gari baada ya kambi, mkononi kashika makopo mawili ya gesi yaliyotumika. Alichekwa wiki nzima. "Staa gani anarudi na makopo?" Wakamwita mchoyo. Dada wa watu alirudi nayo nyumbani, umeme ulipokatika akachemshia chai mpaka yakaisha. Leo wale waliomcheka ndio wanaotetea jalala la Lushoto.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Kopo likiwa jipya, lipime kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito kwa kalamu ya wino mzito ubavuni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukirudi pima tena, tofauti ndiyo gesi uliyotumia. Kama ndani zilikuwa gramu 220 na umetumia 90, bado una chai nyingi mle, na kambi ijayo anza na hilo kabla hujafungua jipya. Lichomoe kwenye jiko, lirudishie kifuniko chake, lisimamishe wima mahali penye kivuli na hewa. Usiliache kwenye gari juani wala kabatini jirani na jiko. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini sakafuni, inasubiri cheche.

Huna kambi nyingine? Litumie nyumbani, dirisha wazi, mpaka moto ufe kabisa na ukilitikisa husikii kitu. Hapo ndipo linaposogea kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, tena kwa kuambiwa kwamba limekwisha, maana muokota makopo naye ana macho na vidole anavyovihitaji. Usilitoboe kwa msumari kisa una haraka. Na wale mafundi wa vichochoroni wanaojazia makopo haya kutoka kwenye mtungi wa nyumbani, kaa nao mbali: kopo lilitengenezwa litumike mara moja, na gesi ya mtungi huwa na propani inayosukuma kwa nguvu zaidi kuliko butani.

Kuhusu staa, anachodaiwa si posti ya maua meusi. Alipe matibabu ya kijana, amlipe na siku anazokaa bila kazi. Halafu, kwa wafuasi wote wale alionao, apige video moja ya dakika moja, bila muziki, akipima kopo la gesi kwenye mizani. Kiki hiyo ingeokoa mikono ya watu wengi.

Akishindwa, basi bethidei ijayo aifanyie hotelini, ambako taka zake kuna mtu analipwa kuzichambua. Milimani si studio. Picha zikishapigwa, kuna watu wanabaki pale na shimo lile.

Wadau, Timu yake inasema anaonewa. Ninyi mnasemaje? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.