Santuri za Babu Hazijafa, Pima Waya Wako Kwanza

Nitasema hivi na mnikasirikie: wengi wenu mnaoambiwa mnunue katriji mpya hamhitaji katriji mpya. Mnahitaji kujumlisha tu, hesabu ya darasa la tatu.

Babu alituachia kreti ya santuri, benga tupu, zile ndogo za mizunguko 45. Nikanunua mashine ya santuri ya mtumba, nikaifunga katriji ya Audio-Technica AT-VM95E, nikateremsha sindano. Wasee, gitaa lilinikata masikio! Kila "s" ya mwimbaji ilichomoka kama maji kwenye mafuta moto.

Nikaenda kwa muuzaji mmoja hapa mjini. Hakuuliza natumia waya gani. Hakuuliza priampu imewekwaje. Alisema tu, "Kijana, hizo santuri zimekufa. Ama utafute katriji ya bei." Bei yenyewe ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili. Nikaanza kutafuta mtu wa kununua kreti. Urithi wa babu ulikuwa karibu kwenda kwa bei ya kutupa, na shida ilikuwa ni waya!

Sikiza. Ndani ya katriji ya sumaku inayotembea kuna koili. Ya AT-VM95E ina indaktansi ya milihenri 550. Koili hiyo ikikutana na kapasitansi, zinatengeneza kilele: sauti inapanda kwa masafa fulani, halafu juu ya hapo inaporomoka. Kapasitansi ikizidi, kilele kinashuka hadi mahali sikio linakisikia vizuri sana.

Na kapasitansi haitoki kwa priampu peke yake. Jumlisha tatu: waya za ndani ya mkono wa mashine, waya wa kwenda kwa priampu, na mlango wa priampu yenyewe. Mimi nilikuwa na mkono wenye kama pikofaradi 20, waya wa mita mbili wenye 200, na priampu iliyowekwa 220. Jumla 440. Mtengenezaji wa katriji anapendekeza 100 hadi 200! Kwa 440, kilele kinaangukia kama kilohezi 10, pale pale kwa matoazi na zile "s".

Nikabadilisha waya, nikaweka wa nusu mita, pikofaradi 50. Nikapindua priampu, chini kuna swichi ndogo ndogo, nikashusha 220 hadi 100. Jumla mpya 170, na kilele kikapanda hadi karibu kilohezi 16. Babu akarudi sebuleni. Gitaa likawa gitaa.

Najua mtakuja na "lakini". Ndiyo, sindano iliyoisha inakwaruza, santuri chafu inakwaruza, na katriji iliyofungwa kombo inakwaruza. Anza na hizo, ni bure au karibu bure. Ila mtu asiyeuliza habari ya waya wako hajapima ugonjwa, ameuza dawa tu.

Na nyinyi wajuaji wa "punguza kapasitansi hadi mwisho", tulieni pia. Ortofon 2M Red inataka 150 hadi 300. Kuna katriji za zamani za Shure zilizotaka 400 na zaidi. Ukizipa kidogo mno, sauti inapoa, inakosa uhai. Hakuna namba moja ya kila mtu. Kuna namba ya katriji yako, na imeandikwa kwa karatasi iliyokuja nayo.

Kitu kimoja tu mshike: kuongeza ni rahisi. Kapasita ndogo kwa mlango wa priampu, fundi yeyote wa redio atakuwekea. Kupunguza ndiyo kazi, kwa hivyo nunua waya mfupi kwanza. Kama hujui wako una ngapi, uchomoe pande zote mbili, mpelekee fundi mwenye kipima kapasitansi. Dakika moja.

Hizi santuri nyingi hazitachapishwa tena. Ukiuza kreti leo kwa sababu mtu alikuambia imekufa, hutaipata kesho. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, kabla hujauza chochote, jumlisha namba tatu. Halafu mrudie huyo muuzaji, umuulize ya kwake ni ngapi. Nyamaza, umwangalie.