Padre katikati ya ngano



Wapendwa waamini, juma hili nimetafakari mchoro wa Jules Breton wa mwaka 1857, uonyeshao kubarikiwa kwa ngano huko Artois, kaskazini mwa Ufaransa. Padre amebeba Ekaristi Takatifu, anapita kati ya mashamba ambayo hayajavunwa. Wakulima wamepiga magoti kando ya njia.

Wapo wanaosema hiyo ni imani ya washamba, na kwamba Kanisa lenyewe limekwisha kuitupa. Si kweli! Maombi hayo ya siku tatu kabla ya Kupaa Bwana yalianzishwa na Mtakatifu Mamerto, Askofu wa Vienne, katika karne ya 5. Kalenda ya mwaka 1969 haikuyafuta. Iliwaachia Mabaraza ya Maaskofu kupanga wakati na namna.

Wengine hudai mchoraji ameficha dhiki. Hapo sibishi sana, maana katika maonyesho yale yale ya Paris Millet alileta wanawake watatu wakiokota masazo. Lakini je, Bwana asipite shambani kwa sababu shamba lina maskini?

Sisi mapadre, nami nikiwa wa kwanza, njia ya shambani twaijua sana wakati wa zaka ya mavuno. Wakati wa kupanda tuko wapi? Mkulima akiomba mbegu zibarikiwe, twamwambia azilete kanisani kwenye kopo.

Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, tutatoka kwa miguu. Tutaanzia shamba lililo mbali kuliko yote.