Mpango Kwanza, Jiwe la Msingi Baadaye



Katika miji na vijiji vyetu si nadra kukuta kuta za msikiti au madrasa zilizoishia kwenye lenta, nondo zimeshika kutu na majani yameota pale palipokusudiwa kuwa kibla. Siku ya kuweka jiwe la msingi takbira zilisikika, dua zikaombwa, na kila mtu akatoa alichojaaliwa, tangu mfanyabiashara hadi mjane auzaye maandazi. Kilichokosekana aghalabu si imani wala ukarimu. Zilikosekana karatasi chache ambazo zilipaswa kuandikwa kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Sisi twaona kwamba mpango wa mradi ni sehemu ya kutekeleza amana, na kamati isiyo na mpango ulioandikwa bado haistahiki kukabidhiwa fedha za waumini.

Wapo wasemao kuwa mambo ya mipango ni ya maofisini, na kwamba kazi ya Mwenyezi Mungu hukamilishwa na Mwenyewe. Hao tunawaalika waitazame Hijra ya mwaka 622. Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa amewalisha ngamia wawili kwa miezi minne wakiwa tayari kwa safari, na Mtume (s.a.w.) hakukubali kumpanda mmoja wao ila kwa kulipa thamani yake. Madina iko kaskazini ya Makka, lakini wao walielekea kusini, kwenye pango la Thaur, wakakaa humo siku tatu. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Sayyidna Ali (r.a.) alilala kitandani pa Mtume, kisha akabaki nyuma kurejesha amana za watu. Abdullah bin Abubakar alishinda mchana miongoni mwa Makureshi na usiku akapeleka habari. Amir bin Fuhaira alipeleka kondoo na mbuzi ili wapate maziwa. Bi Asmaa alitayarisha masurufu. Abdullah bin Uraiqit, ambaye hakuwa Mwislamu lakini alizijua njia za jangwani, aliajiriwa kuwa kiongozi wa safari na akapewa siku maalumu ya kuwaleta ngamia pangoni. Maadui walipofika hata mlangoni pa pango, ndipo Mtume alipomtuliza sahibu yake kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja nao. Tawakkul haikuchukua nafasi ya mpango, bali ilikuja juu yake.

Utaratibu huohuo umo katika Surat Aal Imran, aya ya 159: kwanza mashauriano, kisha kuazimia, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Nalo neno inshaallah tumefundishwa katika Surat Al-Kahf tulitamke tunapoahidi kutenda jambo kesho. Basi anayelitamka hana budi kuwa na jambo analolijua na siku aliyoikusudia. Kulitumia kuwa kisingizio cha kutoweka tarehe ni kulidhulumu.

Mpango huandikwaje? Na tuchukue mfano wa madrasa ya mtaani.

Jambo la kwanza ni lengo. "Tunataka kujenga madrasa" ni matamanio tu. Lengo ni kusema: tutajenga vyumba viwili vya kusomea watoto 80, pamoja na vyoo na tangi la maji, kwenye kiwanja chenye hati kwa jina la wadhamini, na masomo yaanze baada ya miezi 18. Iandikwe pia kile kisichokuwemo: uzio, ofisi na ukumbi havimo katika mradi huu. Pasipoandikwa hivyo, kila Ijumaa atainuka mtu na wazo jipya, na fedha za paa zitaishia kwenye uzio.

La pili ni kuigawa kazi vipande vipande: hati, ramani, kibali cha ujenzi, makadirio ya gharama, msingi, kuta, lenta, kuezeka, plasta, milango, madawati. Kwa kila kipande kuna maswali manne: Nini lazima kitangulie? Nani anawajibika? Itachukua siku ngapi? Itagharimu kiasi gani? Swali la kwanza ndilo linalosahauliwa zaidi. Haifai kununua mabati wakati kibali hakijatoka, wala kuliharakisha zege, ambalo huhitaji kumwagiliwa maji siku kadhaa na nguvu yake hupimwa kwa siku 28. Kazi hizo zipangwe kwenye jedwali, majina ya kazi yakishuka pembeni na miezi ikipita juu, na kila kazi ichorewe mstari tangu inapoanza hadi inapokwisha. Jedwali la namna hii limepewa jina la Mmarekani Henry Gantt, aliyelieneza katika miaka ya 1910, lakini halihitaji mitambo. Karatasi ya manila na rula vyatosha.

La tatu ni kuzisoma kalenda zote mbili. Waumini hutoa zaidi katika Ramadhani, nao mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku zipatazo 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia mwezi Machi, ambapo masika huanza katika mwambao wetu. Kamati isiyo na mpango hupokea fedha na papo hapo ikachimba msingi, mvua ikaujaza maji, na saruji iliyorundikwa ghalani ikavuta unyevu na kuganda. Yenye mpango huzitumia fedha hizo kukamilisha hati, ramani na kibali wakati wa mvua, na huanza kuchimba ardhi ikikauka.

La nne ni bajeti. Kila kipande kiwekewe gharama yake kwa bei za dukani na kwa makadirio ya mtu mwenye taaluma, si kwa kukisia. Zakaat isichanganywe na michango mingine, kwani waliotajwa kuistahiki katika Surat At-Tawba ni makundi manane, na wanazuoni wengi hawaruhusu itumike kujengea majengo. Aliyetoa kwa ajili ya tangi la maji, fedha zake ziende kwenye tangi. Aidha, pawepo akiba ya dharura. Nabii Yusuf (a.s.) aliipangia Misri miaka 7 ya neema kwa kuitazama miaka 7 ya shida iliyokuwa mbele, akaagiza nafaka ihifadhiwe katika mashuke yake. Nasi tujiulize mapema: saruji ikipanda bei tutafanyaje? Mfadhili akijitoa? Akitokea mtu kudai kiwanja? Ni salama zaidi kuujenga mradi kwa awamu, ili fedha zikikatika chumba kimoja kiwe kimekwisha na watoto wanasoma, kuliko kuwa na vyumba vitano visivyo na paa.

La tano ni kumbukumbu na taarifa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inaamrisha deni liandikwe, muda wake utajwe na mashahidi wawepo. Ikiwa deni baina ya watu wawili limewekewa utaratibu huo, seuze mali ya jamaa nzima! Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwezi ibandikwe kwenye ubao wa msikiti karatasi moja yenye mambo matatu: kilichopangwa, kilichofanyika na kilichotumika. Hali ikibadilika, mpango urekebishwe kwa shura na mabadiliko yaandikwe. Akina mama, ambao watoto wao ndio watakaosoma humo, wasiachwe nje ya shura hiyo.

Tunajua jibu litakalotolewa: viongozi wetu ni wachamungu, kuwadai karatasi ni kuwatuhumu. La hasha. Mpango ulioandikwa humlinda mweka hazina mwaminifu kuliko unavyomlinda mtoaji, kwa kuwa mradi ukikwama yeye ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole, naye hana cha kuonyesha ila kauli yake. Dhana mbaya hustawi pale pasipo na maandishi.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa kila jamaa: kabla sanduku la mchango halijapitishwa safuni, mpango usomwe mbele ya waumini na nakala ibandikwe. Nawe mtoaji, kabla hujatia mkono mfukoni, uliza: Tunajenga nini hasa? Kitakwisha lini? Kitagharimu kiasi gani? Nani atatupa taarifa? Kuuliza hivyo hakupunguzi thawabu za sadaka yako. Ni kuisindikiza hadi ifike.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ikhlasi katika nia, umakini katika kazi na uaminifu katika amana. Amin.