Mdudu Hana Hatia

Kuna neno moja la waandishi wa programu za kompyuta ambalo sipendi kulisikia. Programu ikiharibika, husema ina mdudu. Wamelitafsiri kutoka Kiingereza, na kazi yake huku na huko ni ile ile: kumwondolea mtu lawama. Mdudu si huingia mwenyewe? Nani basi ataulizwa?

Mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi walikuta nondo amenasa ndani ya mashine ya Mark II, wakambandika kwenye daftari la kazi. Nondo huyo alistahili jina hilo. Hao wengine wamezaliwa na watu.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilipasuka angani sekunde kama 40 tu baada ya kuwashwa. Sehemu ya programu yake ilitoka kwa Ariane 4, roketi isiyokuwa na mwendo kama huo. Namba moja ikazidi 32,767, kiasi cha juu ambacho nafasi yake ingeweza kubeba. Ni kumvisha mdogo nguo za kaka yake bila kumtazama kimo. Na sehemu hiyo haikuwa na kazi yoyote tena roketi ikisha kuruka!

Kosa kubwa huanzia kwenye jambo ambalo mtu amelidhani linajulikana, asiliseme. Sisi Waswahili tungelijua hili kuliko wote: mwalike mgeni wa Ulaya saa mbili usiku bila kumwambia ni saa ya nani, uone atakuja lini. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo cha kuchunguza sayari ya Mars kwa namna hiyo: programu moja ilihesabu nguvu kwa ratili, nyingine ikazipokea kama nyutoni.

Nitajibiwa kwamba binadamu si malaika. Sikatai. Ninachogombana nacho ni kosa linalojulikana kuachwa likae, kwa kuwa limepewa jina dogo. Katika Vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa kutungulia makombora ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa tarakimu za kompyuta, kama theluthi isivyoandikika kwa desimali. Kipande kidogo hukatwa. Ukiwaka saa 100 mfululizo, saa yake hukosea kwa theluthi ya sekunde, na kombora katika muda huo limekwisha kwenda zaidi ya nusu kilomita.

Waisraeli walitoa habari za kasoro hiyo tarehe 11 Februari 1991. Tarehe 21 vikosi vikapelekewa ilani kuhusu hatari ya mtambo kuwaka muda mrefu sana. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Hawakuambiwa. Tarehe 25 kombora la Scud likaangukia kambi ya Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28 wa Kimarekani. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran tarehe 26.