Bastola ya zamani yenye kutu: ni mali ao ni hatari?

Familia zinaporudi mashambani kisha kukaa muda mrefu kambini, majembe yanagonga vitu ambavyo hakuna aliyevipanda. Siku moja ni kombora, siku ingine ni bastola ya zamani iliyoliwa na kutu. Hapo uvumi unaanza: eti ni ya Wajerumani, eti wazungu wanainunua kwa maelfu ya dola. Baba wa watoto sita anayelala chini ya bashi akisikia hivyo, ni vigumu aiache pale ilipo.

Kwamba vita vya wazungu vilipita huku ni kweli. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, na mwaka 1916 askari wa Force Publique walivuka mpaka wakafika Tabora. Wabelgiji walikuwa na bastola za Browning zilizotengenezwa na FN kule Herstal, Wajerumani walikuwa na Luger. Anayesema chuma hicho kinaweza kuwa cha wakati ule hasemi uongo.

Uongo uko kwenye bei. Browning ya mwaka 1900 peke yake ilitengenezwa zaidi ya 700,000, kwa hiyo umri tu hauifanyi kuwa dhahabu. Wanaokusanya silaha za zamani Ulaya na Marekani wanaangalia alama ya kiwanda, namba kama zinafanana kwenye vipande vyote, rangi ya kwanza ya chuma, na karatasi zinazoonyesha nani aliibeba. Kutu ikiisha kuchimba chuma, namba hazisomeki na vipande vinashikamana. Karibu thamani yote imekwenda. Mwenye kuisugua kwa msasa ili ing'ae anamaliza hata kile kidogo kilichobaki.

Tena sheria ya Kongo ya mwaka 1985 juu ya silaha na risasi haimruhusu raia kushika silaha bila kibali. Mkulima hana soko ya halali ya kuipeleka. Anayekuja usiku na ahadi ya dola ni tapeli, ao ana kazi ingine ya kuifanyisha.

Hatari ni kubwa kuliko bei. Kutu inafunga bastola, lakini haionyeshi kama risasi imo ndani. Mtoto akiigonga kwa nyundo ao akiitupa motoni, inaweza kulipuka. Na kijana akikutwa nayo kizuizini, askari hataanza kuuliza ni ya mwaka gani. Tamaa mbele, mauti nyuma. Dawa ni kutoigusa, kuweka alama mbali kidogo, kufukuza watoto, na kumwita chefu wa lokalite ili awaite wanaojua kazi ya kuondoa mabomu.

Lakini wenye mamlaka nao wana deni. Watu wengi wanaficha kwa sababu ya woga: anayetangaza silaha anaulizwa aliitoa wapi, na kabla jua halijazama ameitwa mshirika wa waasi. Kama kuonyesha kunaleta kifungo, basi silaha zitaendelea kulala chini ya vitanda.

Kongo ina mfano wake wa njia ingine. Miaka ya 2000 huko Katanga, shirika PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda liliwapa baiskeli watu waliorudisha bunduki. Baiskeli inabeba mihogo mpaka soko. Kila mtu kijijini anajua bei yake. Haihitajiki kuwapa baiskeli wote wanaookota chuma kibovu. Inatosha mtu apokelewe vizuri, asipigwe, asitozwe franka, na arudi nyumbani siku ileile.

Bastola iliyooza haitajenga nyumba ya mtu. Shamba lililosafishwa, ambalo mama analima bila kuogopa kila jembe linapogonga chuma, ndilo lenye bei.