Kioo cha nini kwenye jua hili?

Wadau, nimeadimika kidogo, si mnajua tena wiki za testi. Nimerudi na hasira.

Jumatatu saa nane mchana tulikuwa ukumbi mpya, ule wa vioo mnaopigia picha. Umeme ukakatika. Viyoyozi kimya, jenereta halikuwaka, na madirisha hayafunguki kwa sababu hayakutengenezwa yafunguke! Watu zaidi ya mia tatu tukabaki kujipepea na karatasi za maswali. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza akatolewa nje amebebwa. Testi ikaendelea, na alama zinahesabika.

Mimi nasomea ualimu wa Fizikia. Kwenye BTP nilifundisha kwamba hewa ya moto hupanda juu na ya baridi huingia kwa chini, kwenye darasa la matofali ya matundu, bila hata feni, na hakuna aliyezimia. Mtoto wa sekondari analijua hilo. Ukumbi wetu haulijui.

Shida ni kwamba wakubwa wakisikia kujenga kwa kujali mazingira wanawaza sola tu, wakate utepe. Sola nzuri, sikatai. Strathmore kule Nairobi walifunga ya kilowati 600 mwaka 2014. Ila kufunga sola ili iendeshe viyoyozi vya kupoza tanuri ulilolijenga mwenyewe ni kuteka maji kwa pakacha. Anza na jengo jamani! Hapa Dar jua la jioni linapiga kutoka magharibi, kwa hiyo kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, magharibi ubaki ukuta mwembamba. Sisi kioo chote tumekielekeza magharibi. Na upepo tunao wa bure, miezi ya kusi na miezi ya kaskazi, tumeufungia nje.

Wala si elimu ngeni. Nenda Mlimani uangalie majengo ya miaka ya 1960: wamekaa juu ya kilima, hewa inapita, kivuli kipo. Wazee wa Pwani nao walijenga kuta nene na baraza kabla hatujasikia neno kiyoyozi.

Jamaa yangu wa uhandisi ananiambia kioo ni maendeleo. Maendeleo gani yanayozima umeme ukizimika?

Sasa michoro ya ukumbi unaofuata imebandikwa ubaoni. Kioo kilekile, magharibi ileile. Na ile miembe mitatu tunayokaa chini yake kudiskasi imeshapigwa alama ya rangi nyekundu.

Serikali ya wanafunzi inapokea maoni mpaka Ijumaa. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja: madirisha yafunguke, kuta zipate kivuli, jengo ligeuzwe, miembe ibaki. Niko nayo kila siku saa saba pale miembeni. Hadi jana usiku saini zilikuwa 41, na 38 ni za watu wa Education. Uhandisi mko wapi?